Maua ya Buluu Yasikuwe Tena Azabu



Sisi makapita tunaomba nafasi kidogo juu ya jambo ambalo wengine wataona ni dogo: yale maua ya buluu mbele ya kanisa la shule yetu. Kwa Kifaransa yanaitwa agapante. Hapa shuleni tumeyazoea kwa jina la "poaro ya bamisionere", sababu majani yake ni marefu kama ya poaro. Lakini mtu asijaribu kuyatia katika sahani, maji yake yanawasha midomo.

Tuseme ukweli. Tangu tupewe ukapita mwezi wa 9, bustani hiyo tuliifanya mahali pa azabu. Mtoto wa mwaka wa saba akichelewa sala ya asubuhi, bidoni mbili. Akisema-sema katika mstari, bidoni tatu. Na mwezi wa 9 hapa Kamina kila mtu anaujua: mvua bado, kamba ya kisima inashuka yote. Mangaribi moja mama wa jikoni alisimama na ndoo yake nyuma ya wale watoto, akatuuliza: "Batoto bangu, maua njo inakunywa mbele ya batu?" Tulikosa jibu.

Kama maua yangefurahi, tungesema basi, tumepata kitu. Lakini mwezi wa 12 tuliona majani ya manjano na vikonyo vitatu tu vya maua. Tulichimba shina moja: mizizi imeoza, inanuka. Na kule nyuma ya vyoo, fungu lililotupwa siku ya salongo, ambalo hakuna mtu aliyelipa hata kopo moja la maji, lilitoa maua ya kutosha, makubwa kama kichwa cha mtoto!

Tulikwenda kwa Mwalimu wa biolojia. Alicheka kwanza. Kiisha akatueleza kwamba mmea huu ni wa Afrika ya Kusini, mizizi yake ni minene na inaweka maji kama mfuko. Kiu inaivumilia. Kitu inachoogopa ni maji yanayosimama. Inataka jua pia, na sisi tuliiacha chini ya muembe! Tena shina likizeeka na kusongamana miaka mingi, maua yanapunguka, ni lazima kuligawanya kila miaka minne ao mitano. Bustani yetu hakuna anayekumbuka iligawanywa lini.

Mwalimu akaongeza neno lililotuuma. Jina hilo lilitungwa na Mfaransa L'Héritier mwisho wa karne ya 18, kwa maneno mawili ya Kigiriki: agape, upendo, na anthos, ua. Ni agape ileile ya 1 Wakorinto 13 tunayohubiriwa kila mara. Na sisi tulikuwa tunaitumia kutesea wadogo wetu.

Tunajua kuna wenzetu makapita wanaosema: bila azabu ya maji, watoto watatupanda kichwani. Wengine wanasema, ngoeni yote mupande sombe. Kwa wa kwanza tunajibu kwamba kuchelewa hakukupunguka hata kidogo, daftari ya makapita iko, waitazame. Kwa wa pili, sombe tunaipenda sana, lakini nafasi ya mbele ya kanisa haitoshi hata sufuria moja, na wageni wanaoingia pale wanastahili kuona kitu kizuri.

Shauri letu ni hili. Maji ya azabu yaishe kabisa. Wakati wa kiangazi, bidoni moja kwa juma inatosha bustani nzima. Mashina yahamishwe upande wa jua, sasa, kabla mvua haijakatika mwezi wa 4, ili mizizi ishike. Kila kipande kiwe na chipukizi na mizizi yake, majani yakatwe nusu, na kati ya kipande na kipande iachwe sentimetre 30 ao 40. Mbegu tuwaachie wadogo: inaomba miaka mitatu ao zaidi kabla ya kutoa ua, na sisi tutakuwa tumekwisha mtihani wa Serikali na kwenda.

Siku ya posho inayokuja, kiisha salongo, sisi wa mwaka wa mwisho tutachimba. Watoto wa saba wanaweza kuja kama wanapenda. Maji tutabeba sisi.