Swali la "Mpango Gani" Tulizike

Vijana wenzangu wa kalamu, nina ugomvi na sentensi moja. Mnaijua: "Je, Serikali ina mpango gani wa kupeleka maji katika kijiji fulani?" Waheshimiwa wanaiuliza Dodoma mkutano baada ya mkutano, asubuhi, kipindi cha maswali. Naibu Waziri anasimama, anasoma karatasi yake: mpango upo, fedha zitatengwa kadiri zitakavyopatikana. Makofi! Swali linalofuata.

Jamani, mlitegemea ajibu nini? Kaulizwa kuhusu mpango, kasema upo. Ni sawa na kumuuliza mdeni wako kama ana nia ya kulipa. Nia anayo tele. Hela je?

Katiba haikuwa bahili. Ibara ya 63(3)(a) inampa mbunge uwezo wa kumuuliza waziri swali lolote la mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Lolote! Halafu kuna swali la nyongeza, ambalo waziri hakuandikiwa jibu lake. Hapo ndipo pa kumbana. Wa kwetu anaanza: "Pamoja na majibu mazuri ya Serikali..." Mazuri yapi, mzee wangu? Kama ni mazuri, kaa chini.

Mimi ni wa Didia, Shinyanga, kanda ya almasi ya Mwadui na dhahabu ya Kahama na Geita. Swali lenye meno nalijua, maana liliwahi kuulizwa juu ya ardhi ya jirani zetu. Mwaka 2007 Zitto Kabwe, wakati huo mbunge wa Kigoma Kaskazini, alihoji kwa nini Waziri Nazir Karamagi alisaini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Kahama, akiwa London mwezi Februari. Litazameni swali hilo kiuandishi: lina mtu, lina karatasi, lina mji, lina mwezi. Pa kujificha hakuna.

Bunge likamsimamisha muulizaji, Agosti hiyohiyo. Swali lenyewe lilikataa kusimamishwa. Novemba Rais Kikwete akaunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuhusu madini, na Zitto akawa mjumbe. Mwaka 2010 ikaja Sheria mpya ya Madini, mrabaha wa dhahabu ukapanda toka asilimia 3 hadi 4. Utasema asilimia moja ni kiduchu. Sawa. "Mpango gani" imetuletea asilimia ngapi?

Wapo wanaonong'ona kwamba mbunge mkorofi hulinyima jimbo lake barabara. Basi kama huduma ni zawadi ya upole, tuache kuiita haki na tulipe kodi kwa upole pia, tukijisikia.

Kazi hii ni yetu, sisi tunaojidai kujua maneno. Mbunge akija kijijini, tusimpe risala ya mashairi na pongezi. Tumpe swali limeshaandikwa: zilitengwa shilingi ngapi, zimetoka ngapi, mkandarasi ni nani, maji yatafika tarehe ngapi? Kisha tusubiri tusikie kama atalisoma lilivyo, au atalifuta na kuuliza tena habari za mpango.

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema. Ila kuuliza ili usijibiwe, huo ni usanii.