Kipimo cha Boriti katika China ya Kale

Wanaoyasifu majumba ya mbao ya China ya kale husifu kwanza mapaa yaliyopinda na nakshi zake. Sifa hiyo ni ya haki, lakini yasahau kwamba majumba ya serikali yalijengwa kwa kanuni zilizoandikwa, na kwamba kanuni hizo zilitungwa hasa ili kuzuia ubadhirifu.

Kitabu cha kwanza cha wafalme wa Song, cha mwaka 1091, kiliorodhesha vifaa tu. Ofisa Li Jie akaagizwa kukiandika upya. Akamaliza mwaka 1100, na kazi yake, Yingzao Fashi, ikapigwa chapa mwaka 1103. Humo mbao ya msingi, iitwayo cai, ina madaraja 8. Kubwa kabisa ina kimo cha cun 9 na upana wa cun 6 (cun moja ni kama sentimeta 3). Ndogo kabisa, cun 4.5 kwa 3. Kimo hugawanywa sehemu 15 na upana sehemu 10, na kwa sehemu hizo hupimwa boriti na viungo vya jengo zima. Mkaguzi aliyejua daraja la jengo aliweza kukadiria mbao kabla gogo halijakatwa.

Wapo wasemao kuwa huo ni ufundi wa mazoea, si sayansi. Na wapige hesabu. Nguvu ya boriti hufuata upana wake ukizidishwa kwa mraba wa kimo. Boriti yenye nguvu kupita zote itokayo katika gogo la mviringo ni ile ambayo kimo chake ni mara 1.41 ya upana. Uwiano wa Li Jie ni 1.5, na nguvu inayopotea haifiki hata sehemu moja katika mia. Mazoea yaliyopimwa, yakaandikwa na kukaguliwa hayastahili kudharauliwa.

Kasoro ya kitabu ni nyingine, nayo ni kubwa: chatoa kanuni bila kutoa sababu yake. Kanuni ya namna hiyo ni rahisi kuachwa. Mwaka 1734 wafalme wa Qing walitoa kanuni zao, na boriti zikawa nene, karibu 5 kwa 4. Kwa mbao ya wingi ule ule, boriti hiyo ina nguvu pungufu kwa karibu sehemu 9 katika mia kuliko ile ya Li Jie.