Kalamu ya Tabibu

Wako wasemao kwamba kuandika ni kazi ya karani, na kazi ya tabibu ni kutibu. Neno hili silikubali. Maradhi sugu ya figo hayathibitiki kwa kipimo cha siku moja. Sharti kasoro idumu zaidi ya miezi 3. Mvuvi apimwaye damu Mbamba Bay leo, kisha Mbinga baada ya masika, hutambulikana kwa ugonjwa huo iwapo tu maandishi mawili yamekutana. Yasipokutana, yeye ni mgonjwa mpya kila aendako.

Orodha ya kimataifa ya maradhi, toleo la 10, imeyapa alama ya N18. Tarakimu ifuatayo nukta, 1 hadi 5, hutaja daraja. 9 maana yake daraja halikutajwa. Hiyo 9 ndiyo maficho ya uvivu. Na chanzo je? Ziwa Nyasa lina kichocho, nacho chaweza kuziba njia ya mkojo hata figo zikaharibika. Aandikaye “presha” peke yake amefunika hayo yote. Tena presha yenyewe huenda ikawa mtoto wa figo, si mama yake.

Wingi wa wagonjwa naujua. Lakini karani, hata awe hodari namna gani, hawezi kunakili daraja ambalo tabibu hakuliandika.