Waraka kwa Wanachama wa Kikundi cha Mwethya, Kola: Uziwi Unaorithiwa

Ndugu wanachama, wazee kwa vijana,

Kuna jambo tumelinyamazia mno. Kijana anaanza kuwa mzito wa kusikia, anayumba akishuka vilima vya Kalama, nasi tunasema amelewa, au kwao kuna laana.

Uko ugonjwa uitwao NF2. Uvimbe huota kwenye neva zinazotoka masikioni kwenda kwenye ubongo, mara nyingi pande zote mbili. Neva hizo hubeba sauti na pia usawa wa mwili. Ndiyo maana masikio yakianza kuvuma na kuziba, miguu nayo hukosa uthabiti, hasa gizani, hata kwa asiyeonja pombe. Uvimbe wenyewe kwa kawaida si saratani, lakini ukikua hukandamiza ubongo. Wengi huanza kuona dalili wakikaribia miaka 20.

Chanzo ni jeni moja iliyogunduliwa mwaka 1993. Mzazi akiwa na hitilafu hiyo, kila mtoto wake, wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa nusu kwa nusu kuirithi. Hapa tusikilizane vizuri: takriban nusu ya wagonjwa ndio wa kwanza katika ukoo wao. Basi mama asisimangwe, wala mke asirudishwe kwao.

Kijana wenu akipungukiwa na kusikia, hata sikio moja, bila sababu inayojulikana, msiridhike na kuoshwa masikio. Aende hospitali ya Machakos Level 5, aeleze nani mwingine kwao alikuwa hivyo, aulizie rufaa ya kipimo cha MRI ya kichwa. Ni ghali, najua. Mazishi tunayachangia bila kusita. Tumchangie na aliye hai. Na wazee mnaokumbuka babu au shangazi aliyekuwa kiziwi, semeni sasa, daktari apate pa kuanzia.

Mgonjwa asiingie bwawani peke yake. Chini ya maji anaweza kushindwa kujua juu ni wapi, akazama ingawa anajua kuogelea. Usiku awe na tochi.

Usikivu ukipotea, upasuaji mara nyingi haurudishi. Nyumba nzima ijifunze Lugha ya Alama mapema, mgonjwa angali anasikia. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kikao chetu nacho kiipe nafasi.

Asiyetaka kusema mbele ya watu aje kwangu faraghani kabla ya kikao kijacho.

Ni mimi,
Katibu