TAHARIRI: BREKI KWANZA, INJINI BAADAYE



Vijana wetu wa karakana wameleta barua kwenye halmashauri. Wanaomba fedha za chama wayeyushe masufuria mabovu, wasubu silinda na pistoni, waunde injini ya baiskeli kwa mikono yao. Jambo hili litafika mkutano mkuu, na gazeti hili la ukutani lina la kusema.

Nia ni njema. Wote tunajua adha ya kusukuma baiskeli yenye gunia la korosho mchangani hadi ghalani. Mtu mwenye afya akikanyaga pedeli muda mrefu hutoa kama sehemu moja ya kumi ya nguvu ya farasi mmoja. Injini ndogo ya sisi 50 hutoa mara kumi ya hiyo, au zaidi. Anayecheka ombi hili hajasukuma baiskeli.

Lakini kusubu pistoni si kusubu kijiko. Nafasi kati ya pistoni na silinda ni kama unene wa unywele tu. Ikizidi, injini haina pumzi; ikipungua, pistoni ikipata moto inatanuka na kukwama. Bila mashine ya kukereza vyuma tutamaliza mkaa bure.

Hata Soichiro Honda wa Japani hakuanzia huko. Mwaka 1946 alichukua injini ndogo za jeshi, zilizokuwa za jenereta za redio, akazifunga kwenye baiskeli. Injini aliyoiunda mwenyewe ilifuata mwaka 1947. Alianza na kilichokuwepo.

Sasa je, sisi tuna nini? Ghalani imelala mashine ya kupulizia salfa, feni imevunjika, injini bado inawaka. Hiyo ndiyo wapewe vijana. Kazi ya kuumiza kichwa ingalipo, wasidhani ni mteremko. Injini ile huzunguka zaidi ya mara 5,000 kwa dakika. Gurudumu la baiskeli kubwa likienda kilomita 30 kwa saa huzunguka kama mara 230 tu. Kasi ipunguzwe zaidi ya mara 20 kwa mkanda na cheni, na mkanda uweze kulegezwa, maana mashine hii haina klachi. Na feni ikiondolewa, injini itafutiwe upepo wa kuipoza.

Masharti yetu ni matatu:

1. Breki za magurudumu yote mawili zikaguliwe kabla injini haijawashwa. Baiskeli nyingi hapa kijijini breki yake ni kandambili! Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama unaongezeka mara nne.

2. Tangi la petroli likae mbali na bomba la moshi.

3. Majaribio yafanywe uwanjani. Barabarani chombo cha injini kinataka namba na leseni.

Fedha za chama ni jasho la korosho. Zinunue mkanda, cheni na breki, zisiyeyuke pamoja na masufuria. Na mzee atakayesimama mkutanoni aseme, "Waacheni, wataiharibu," atueleze kwanza mashine ile anaiweka ya nini. Kutu nayo inaharibu, tena haimfundishi mtu kitu.

Tufike wote mkutanoni, tuamue. Ushirika ni kazi!