Swali la Namba Tasa Nililolikimbia

Mwaka jana nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja isiyo mbali na Msamvu, kijana wa kidato cha kwanza aliniuliza: "Mwalimu, namba tasa kubwa kuliko zote ni ipi?" Nikamjibu, "Hiyo haitoki kwenye mtihani, tuendelee." Darasa likacheka. Wiki zote zilizobaki hakunyoosha mkono tena.

Kiukweli sikuwa na jibu. Na wenzangu wa elimu, tusidanganyane, wangapi kati yetu wangekuwa nalo? Tunajua kwamba namba tasa hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu, basi, tunafuta ubao.

Jibu lenyewe linahitaji chaki tu. Chukua 2, 3, 5 na 7, ujifanye ndizo tasa zote zilizopo duniani. Zizidishe, unapata 210. Ongeza 1, inakuwa 211. Igawe kwa yoyote kati ya zile nne, kila mara inabaki 1. Kwa hiyo ama 211 ni tasa, na kweli ni tasa, ama inagawanyika kwa tasa ambayo haimo kwenye orodha yetu. Ukirefusha orodha mpaka 13 unapata 30,031. Hiyo si tasa, ni 59 mara 509, lakini ona, imetuletea tasa mbili mpya. Orodha yoyote utakayoleta itapungukiwa. Kubwa kuliko zote haipo! Euclid alilionyesha hilo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Iliyopo ni kubwa kuliko zote zinazojulikana. Hadi naandika, ni ile iliyotangazwa Oktoba 2024, aliyoipata Luke Durant wa Marekani: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, kisha toa 1. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiandika tarakimu moja kila sekunde bila kulala, utamaliza baada ya siku 474 na ushee.

(Hili jina "tasa" nalo silipendi. Namba nzima yoyote kubwa kuliko 1, kama si tasa, imezaliwa na tasa zilizozidishana. Tasa gani hiyo yenye watoto wote hao?)

Najua mtasema mada ni nyingi, kipindi ni dakika 40, wanafunzi wamejazana. Ni kweli. Lakini hiyo hesabu ya 211 ni dakika tatu, na mimi siku ile sikukosa dakika tatu. Nilichoogopa ni kusema "sijui, nitakuletea kesho" mbele ya watoto. Chuoni tumefundishwa kuandaa andalio la somo hadi dakika ya mwisho. Kusema "sijui" hatukufanyia mazoezi hata siku moja.

Wiki iliyopita nilikutana naye stendi ya Msamvu. "Shikamoo mwalimu," huku anaangalia pembeni. Nikamwambia lile swali lake lilikuwa zuri, nikamwandikia 211 nyuma ya tiketi yangu na kumweleza. Hakusema kitu. Akaomba peni, akaanza kuigawa kwa 11, halafu kwa 13, mpaka konda wa daladala yake akampigia kelele apande. Peni yangu kaondoka nayo.