Uzamivu Hauanzi na Barua

Hivi karibuni nikiwa Handeni, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sayansi ya siasa alinifuata. "Shikamoo, Daktari. Naomba barua ya mapendekezo, najiandaa kwa shahada ya uzamivu Marekani." Nilimwuliza anataka kuchunguza nini. Akajibu kwamba mada ataipata hukohuko.

Kosa si lake. Ndivyo tulivyomlea sisi wahadhiri: akariri madesa, asake alama, akusanye barua. Swali lake mwenyewe hatujawahi kumdai.

Wengine waliliona swali hapohapo aliposimama. Michaela von Freyhold, Mjerumani, alichunguza vijiji vya ujamaa mkoani Tanga na kuchapisha kitabu mwaka 1979. James Giblin, Mmarekani, alichapisha chake mwaka 1992 kuhusu siasa na mazingira ya eneo hilihili la Wazigua kati ya 1840 na 1940. Siwalaumu, walifanya kazi yao. Nauliza yetu iko wapi.

Maana swali jipya limekwisha kufika. Tangu Juni 2022 kaya kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari, wanaharakati wanapinga. Je, hiari ni nini pale anayekupa nyumba ndiye pia mwenye dola? Nani walikuwa wakilima na kuchunga Msomera kabla ya hapo? Mkutano mkuu wa kijiji, unaotambuliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ulisikilizwa kwa kiasi gani? Hii ndiyo sayansi ya siasa, na kijana anayejua Kizigua au Kimaasai ameanza safari yake mbele ya profesa anayehitaji mkalimani.

Nitaambiwa kwamba mwanafunzi hana nauli na ofisi zinaogopa kufungua majalada. Ni kweli. Basi vyuo vigharamie utafiti wa mwaka wa tatu kabla ya makongamano yetu. Nawe mtumishi wa halmashauri, muhtasari wa kikao ambao sheria haikatazi kuusoma usiufanye siri. Tukishindwa haya, wajukuu wetu watajifunza habari za Msomera kwa Kiingereza, kutoka kwa mgeni aliyekaa miezi sita.

Barua sikuiandika siku ile. Nilimwomba kijana aniletee kwanza swali moja la Handeni analoweza kulitetea.